Mwanafunzi wa Tano wa Historia

Si zamani sana, wala si mbali sana, palikuwa na nchi ambayo jina lake nimelisahau kwa hiari yangu mwenyewe. Mwaka mmoja nchi hiyo ilijikuta na ziada ya uhuru, na Wizara ya Elimu, ambayo haipendi kuona kitu kikiharibika, ikaamua kuwagawia wanafunzi wa sekondari.

Ugawaji ulifanyika katika shule nyingi kwa siku moja, lakini sisi tuitazame Sekondari ya Tarehe Tisa tu, iliyopewa jina hilo kwa kumbukumbu ya jambo kubwa lililotokea tarehe tisa ya mwezi ambao walimu walikuwa bado wakiulizana. Aliyekuja kugawa ni Mheshimiwa Lukumbi, Mkurugenzi wa Maarifa ya Jamii. Alifika na magari matatu: moja lilimbeba yeye, la pili lilibeba hotuba yake, na la tatu lilikuwa tupu kwa ajili ya heshima. Wanafunzi walikuwa wamesimama juani tangu saa mbili, nao wakampigia makofi kabla hajashuka.

"Wanafunzi wapenzi," alisema Mheshimiwa, "kaka na dada zenu walipangiwa la kusoma. Ninyi mmepewa kuchagua. Kuanzia leo Maarifa ya Jamii yana michepuo saba. Kila mmoja wenu atachagua mchepuo wake, atausoma mwaka mzima, na ataufaulu. Asiyefaulu hatapewa cheti cha kumaliza shule, hata kama masomo mengine yote ameyafagia. Chagueni kwa uhuru kabisa. Narudia, kwa uhuru, na ni lazima."

Michepuo yenyewe ilikuwa mizuri. Kulikuwa na Shukrani kwa Taifa, ambao mtihani wake una maswali matatu na majibu yamechapwa nyuma ya karatasi. Kulikuwa na Jiografia ya Miradi Ijayo, ambamo mwanafunzi huchora madaraja yatakayojengwa na kupima urefu wake kwa rula. Kulikuwa na Uraia wa Kusikiliza. Kulikuwa na mingine mitatu ambayo hata Mheshimiwa hakuisoma kwa sababu jua lilikuwa kali. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa na Historia. Hakuna aliyejua Historia imeingiaje humo. Wapo wanaosema mpiga chapa alisahau kuifuta kwenye orodha ya zamani, na kwa kuwa Mheshimiwa alikwisha kutia saini, ikawa sera.

Fomu ziligawiwa. Ili kuwapunguzia wanafunzi usumbufu, kisanduku cha Shukrani kilikuwa kimewekwa alama tayari. Aliyetaka Shukrani alirudisha fomu ilivyo. Aliyetaka kingine aliandika barua tatu: ya kwanza ya kuomba kuchagua, ya pili ya kueleza kwa nini alichochaguliwa hakikumtosha, na ya tatu ya kuomba radhi kwa zile mbili za kwanza.

Siwema binti Karama, wa Kidato cha Nne, aliziandika zote tatu jioni moja, mezani kwa mama yake. Hakuwa mkorofi. Alikuwa na jambo moja tu lililomkera tangu utotoni, nalo ni barabara. Barabara kuu ya mji wao ilikuwa imenyooka vizuri hadi karibu na posta, kisha ikapinda ghafla, ikakizunguka kiwanja kitupu chenye majani, halafu ikanyooka tena. Kila alipouliza imepinda kwa ajili ya nini, watu wazima walimjibu kuwa ndivyo ilivyo. Alifikiri Historia huenda ikamjibu.

Tena hakuwa peke yake katika mpango huo. Alikuwa na shoga yake, Mashavu, ambaye walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza na kugawana andazi moja kila mapumziko kwa miaka yote hiyo. Walikubaliana kuchagua Historia wote wawili. Walipeana mkono kabisa.

Matokeo yalibandikwa Jumatatu. Shukrani kwa Taifa, wanafunzi mia mbili na kumi na mmoja. Historia, mwanafunzi mmoja. Siwema alisoma orodha ya Historia mara tatu, ingawa ilikuwa na jina moja na jina hilo lilikuwa lake.

"Barua ya kwanza niliandika," Mashavu alimwambia, akiangalia viatu vyake. "Ya pili ikanishinda. Na mama naye alisema tusijitafutie balaa."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Nenda kawaambie umebadili mawazo."

Siwema alikwenda. Akaonyeshwa kanuni: aliyechagua kwa uhuru hana uhuru wa kuchagua tena.

*

Darasa la Historia lilipewa stoo ya vifaa vya michezo, ambayo haikuwa na vifaa vya michezo. Mwalimu alikuwa Mwalimu Kitwana, mtu mzima mwembamba, mpole, aliyekuwa na desturi ya kukohoa na kuchungulia dirishani kila alipotaka kutaja mwaka. Siku ya kwanza aliingia, Siwema akasimama, akasema shikamoo mwalimu, mwalimu akasema marahaba, ketini. Wote wawili wakatazama nafasi iliyobaki, ambayo ilikuwa kubwa.

Wiki haijaisha, Wizara ikagundua tatizo. Mheshimiwa Lukumbi alilieleza kwa waraka wenye kurasa tisa, lakini kiini chake ni hiki: somo linaitwa Maarifa ya Jamii, mtu mmoja si jamii, kwa hiyo mtu mmoja hawezi kufundishwa, wala kutahiniwa, wala kufaulu. Jamii ndogo kabisa inayotambuliwa na Wizara ni ya watu watano.

Ungedhani hapo Siwema angerudishwa kwa wenzake. Lakini kurudishwa kungekuwa ni kukiri kwamba sera imeshindwa, na nchi hiyo haikuwa na fomu ya jambo kama hilo. Badala yake Wizara ilifungua kabati lake la takwimu. Ndani ya kabati hilo waliishi wanafunzi wengi waliokuwamo kwenye madaftari tu, wasiokuwa na mwili wala wazazi, waliowekwa miaka ya nyuma ili hesabu za nchi zipendeze. Watu wa mitaani huwaita wanafunzi hewa. Wizara iliwaita akiba. Wanne kati yao walihamishiwa Sekondari ya Tarehe Tisa, mchepuo wa Historia: Joramu, Asumpta, Hamdani na Tausi.

Madawati manne yaliletwa. Mwalimu Kitwana aliyapanga mwenyewe, akayafuta vumbi.

"Joramu," aliita asubuhi ya kwanza, kalamu mkononi.

Kimya.

"Mwalimu, niitike?" aliuliza Siwema.

"Hapana. Kuitikia wenzako ni kosa." Mwalimu alikohoa. "Kanuni inasema asiyekuwapo huleta barua ya udhuru. Joramu hajaleta barua. Basi yupo." Akaweka alama. Akawaita na wengine watatu, nao hawakuwa wameleta barua. Siwema ndiye aliyeitwa mwisho.

Mwezi wa pili Siwema alishikwa na malaria, akalala siku mbili, na kwa kuwa alilelewa vizuri alileta barua ya zahanati. Ndiyo maana hadi mwisho wa mwaka, katika darasa lile, alikuwa mwanafunzi pekee aliyewahi kukosa shule.

*

Sasa nieleze habari ya dakika tano, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini mtoto wa watu alianza kuzungumza na madawati.

Wizara, kwa kuogopa michepuo isichanganyikane, ilitoa amri kwamba mwanafunzi akionekana na mwanafunzi wa mchepuo mwingine kwa zaidi ya dakika tano, atahesabiwa kuwa amehamia huko. Kwa wanafunzi wa Shukrani, wao kwa wao, hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwa Siwema peke yake. Hakuna aliyetaka kuhamia Historia. Wenzake hawakumchukia, la hasha. Walimsalimia kwa furaha, wakamuuliza habari za nyumbani, huku jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani. Ikifika dakika ya nne walikumbuka kwamba wameitwa mahali.

Mashavu alijitahidi zaidi ya wote. Alikuwa akimletea nusu ya andazi, anaiweka kwenye ukingo wa dirisha la stoo, anagonga mara mbili, anaondoka. Baadaye akawa anaiweka bila kugonga. Baadaye nusu ikawa robo. Ikafika siku Siwema alifungua dirisha akakuta makombo, asijue kama ni ndege waliomtangulia au ni Mashavu aliyechoka. Alikaa na swali hilo mchana kutwa, na liliuma kuliko njaa.

Ndipo akaanza kuwazoea wale wanne. Mwanzoni ilikuwa mzaha: alimwambia Joramu asogeze kiwiko. Kisha akaona kwamba Tausi, aliyekaa dirishani, bila shaka ni mtu wa ndoto nyingi, na kwamba Asumpta ana kiburi kidogo lakini moyo wake mzuri. Hamdani ndiye aliyempenda zaidi. Hamdani alikuwa na tabia ya kutocheka hata mzaha ukiwa mzuri namna gani, na Siwema alijipa kazi ya kumchekesha. Alijua fika kwamba hakuna mtu pale. Lakini kujua ni jambo moja, na kula chakula cha mchana ni jambo jingine.

Muhula huo kulikuwa na zoezi la lazima la kumchagua kiranja wa darasa, ili wanafunzi waonje demokrasia. Wagombea walikuwa wawili, Joramu na Siwema. Siwema alipiga kura yake kwa siri, nyuma ya pazia, akajichagua mwenyewe. Mwalimu Kitwana alilifungia sanduku lenye karatasi hiyo moja, likaenda makao makuu chini ya ulinzi, na baada ya wiki mbili matokeo yakaja: Joramu kura nne, Siwema kura moja, waliojitokeza asilimia mia. Wizara ilimpongeza mshindwa kwa ukomavu wake.

"Hongera, Joramu," alisema Siwema, akielekea dawati la mbele.

Mwalimu Kitwana alijifanya anatafuta chaki.

*

Ilikuwa ni siku ya mvua, katikati ya mada iitwayo Mafanikio ya Barabara, Siwema alipouliza lile swali lake. Mvua ilikuwa ikipiga bati kiasi kwamba hata mtu aliyesimama nje asingesikia. Mwalimu Kitwana alikohoa, akachungulia dirishani, akarudi kukaa kwenye dawati la Hamdani.

"Pale palikuwa na nyumba ya mama mmoja, Bi Tatu Mfaume," alisema. "Walipokuja kupima barabara, majirani zake wote walihama ndani ya wiki moja. Yeye akasema hajamaliza kuagana na nyumba yake. Wakamngojea, wakachoka, wakaipindisha barabara. Aliishi mle ndani miaka kumi na mmoja, magari yakimzunguka. Alipokufa nyumba ilibomolewa kwa asubuhi moja."

"Na barabara mbona hawakuinyoosha?"

"Kuinyoosha kungehitaji mtu aandike kwanza kwa nini ilipinda."

Siwema alikuwa amelingojea jibu hilo kwa miaka kumi, na sasa alipolipata akataka jingine.

"Alikuwa mpweke, mwalimu?"

"Hilo halimo kwenye silabasi," alisema Mwalimu Kitwana. Kisha akaendelea, akiwa ameinamisha kichwa. "Alikuwa mpweke sana. Mimi nilikuwa mtoto, nikipita pale kwenda shule. Kila asubuhi alikuwa mlangoni, ananisalimia kwa jina. Nyumbani nilikuwa nimekatazwa kumwitikia. Sikumwitikia hata siku moja."

Mvua ilipopungua alisimama, akafuta ubao ingawa haukuwa na kitu, akaendelea na Mafanikio ya Barabara.

*

Ripoti za muhula zilikuja kutoka makao makuu zikiwa zimejazwa tayari. Joramu alikuwa wa kwanza kwa maksi tisini na mbili: ana nidhamu ya hali ya juu. Asumpta themanini na tisa: hapigi kelele. Tausi themanini na saba: mahudhurio kamili. Hamdani themanini na sita: anapokea mafunzo bila ubishi. Siwema alikuwa wa tano kati ya watano, maksi arobaini na nane: anauliza sana, na aliwahi kuugua.

Hapo hofu ilimwingia kweli. Wizara ilikuwa imeamuru kila mchepuo ufaulishe asilimia themanini, kwa sababu mia ingeonekana imepikwa. Asilimia themanini ya watu watano ni wanne. Na bila kufaulu hakuna cheti, na bila cheti hakuna chuo cha ualimu, ambacho Siwema alikuwa amekitaka tangu siku ya mvua ile, ili siku moja awe mtu anayeulizwa na kujibu.

"Ni lazima nimshinde mmoja wao, mwalimu."

"Ni vigumu," alisema Mwalimu Kitwana kwa huzuni. "Hawakosei, Siwema. Nimewafundisha tangu mwaka uanze, sijawahi kuwakuta na kosa."

Alisoma kufa na kupona. Alikariri miaka yote, pamoja na ile ambayo mwalimu aliikohoa. Alipochoka alimtazama Hamdani, ambaye alihitaji kumzidi kwa maksi moja tu, na kila alipomtazama alijiona msaliti.

Ghafla, mwezi wa nane, likaja tumaini. Wafadhili wa nchi hiyo walikuwa wamehesabu madawati, wakahesabu watoto, wakauliza. Wizara ikakasirika sana ilipogundua kwamba kuna mtu aliyekuwa akitengeneza wanafunzi hewa, na ikatangaza Operesheni Uhakiki. Hewa wote wang'olewe, shule kwa shule, bila huruma.

Siwema hakulala vizuri juma hilo. Furaha ilikuwapo, siwezi kuificha. Lakini asubuhi ya uhakiki aliwahi stoo mapema, akafuta madawati yote manne, na lile la Hamdani akalifuta mara mbili.

*

Tume ya uhakiki ilikuwa na watu wanane na muhuri mmoja. Mheshimiwa Lukumbi aliiongoza mwenyewe. Meza iliwekwa uwanjani, mbele ya shule nzima, na utaratibu ukasomwa: ili kuthibitisha kwamba mwanafunzi yupo, awe na ushahidi wa wanafunzi wawili waliosoma naye. Kumwona kwa macho hakutoshi, kwa kuwa macho hayana kumbukumbu za maandishi.

Wanafunzi wa Shukrani walithibitishana kwa dakika ishirini, kila mmoja akiwa na mashahidi mia mbili na kumi. Kisha ikaja zamu ya Historia.

"Joramu," alisoma katibu wa tume. "Ushahidi umeletwa kwa maandishi kutoka makao makuu. Ameshuhudiwa na Asumpta na Tausi. Yupo. Asumpta ameshuhudiwa na Joramu na Hamdani. Yupo." Tausi na Hamdani nao walikuwapo. "Siwema Karama. Hakuna aliyemshuhudia."

"Mimi hapa," alisema Siwema.

"Binti, usitupotezee muda. Una mashahidi?"

Mwalimu Kitwana alijitokeza, akavua kofia. "Mheshimiwa, mimi ni mwalimu wake. Yupo. Yeye ndiye aliyekuwapo siku zote."

"Mwalimu si mwanafunzi," alisema Mheshimiwa Lukumbi kwa upole. "Tena wanafunzi wako wanne waliothibitishwa hawakumtaja kabisa. Kama alikuwa akisoma nao mwaka mzima, watoto wazuri kama wale wangekosaje kumtaja?"

Siwema aligeuka kuutazama umati wa mia mbili na kumi na mmoja. Aliwajua wote kwa majina. Macho yake yakatua kwa Mashavu, na katibu, aliyekuwa mtu wa haki, akayafuata macho hayo.

"Wewe. Unamfahamu huyu?"

Mashavu alifungua mdomo. Mama yake alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ofisi pamoja na wazazi wengine, mkono shingoni. Saa ya ukutani ilikuwa ikionekana kutoka pale Mashavu alipokuwa.

"Huwa namwona kwa mbali," alisema Mashavu.

"Ulisoma naye?"

"Siku hizi, hapana."

Katibu aliandika kwamba shahidi hana uhakika. Mheshimiwa akachukua wino mwekundu, akalikata kwa mstari jina la Siwema binti Karama, akagonga muhuri, na kutangaza kwamba Sekondari ya Tarehe Tisa ilikuwa na mwanafunzi hewa mmoja, naye amepatikana. Shule ilikabidhiwa hati ya usafi. Watu walipiga makofi, na Siwema, kwa mazoea ya miaka mingi, alipiga pia. Kisha akaiona mikono yake inavyofanya, akaificha nyuma. Alitamani kulia lakini aliona haya kulia mbele ya watu ambao hawakuwa wakimtazama.

*

Mlinzi hakumzuia kuingia getini siku zilizofuata, maana hakuwa na amri kuhusu asiyekuwapo. Siwema aliendelea kuja. Mwalimu Kitwana aliita majina manne, akanyamaza kidogo mahali pa jina la tano, kisha akafundisha.

Alifundisha hivyo wiki tatu. Halafu naye akapata barua. Iliandikwa kwamba wanafunzi wake wanne wamefikia kiwango cha kujisomea wenyewe, hivyo yeye anahamishiwa shule nyingine, ambayo ujenzi wake ungeanza mara baada ya yeye kuripoti. Alikuja stoo kuaga. Alikuwa na begi moja na kofia yake mkononi.

"Siwema," alisema, na safari hii hakukohoa wala hakuchungulia dirishani. "Nilikuona. Kila siku, mwaka mzima, nilikuona."

"Asante, mwalimu."

"Ilinipasa kusema kwa sauti kubwa zaidi."

Siwema alitaka kumwambia kwamba alisema vya kutosha, lakini haikuwa kweli, naye alimheshimu mno asiweze kumdanganya. Akamsindikiza hadi getini. Aliporudi stoo alikaa na wenzake wanne hadi kengele ya mwisho, na siku hiyo hakuwasemesha.

Mtihani ulipokuja ziliwekwa karatasi nne. Hakuna aliyekaa kuzijaza, na hakuna aliyezikusanya. Siwema alisoma maswali akiwa amesimama, akayajibu yote moyoni, akayajibu vizuri.

*

Mngedhani habari inaishia hapo, lakini mnaisahau hesabu. Baada ya kumng'oa Siwema, mchepuo wa Historia ulibaki na wanafunzi wanne, na wanne si jamii. Makao makuu waliligundua hilo usiku wa kuamkia matokeo, wakashtuka, wakafungua kabati la akiba kutafuta jina la kujazia. Jina lililokuwa juu kabisa, kwa kuwa ndilo lililoingia karibuni, lilikuwa la Siwema binti Karama. Wakamrudisha darasani. Na kwa kuwa sasa alikuwa mwanafunzi wa takwimu, naye akajaziwa maksi kama wenzake: tisini na nne. Akawa wa kwanza. Maoni yalisema ameacha tabia ya kuuliza. Aliyeanguka, ili asilimia ibaki themanini, ni Hamdani.

Siwema alisoma matokeo ukutani peke yake, baada ya wengine kuondoka. Alimsikitikia Hamdani. Kisha akaenda ofisi ya vyeti.

Karani wa vyeti, Bi Chausiku, alikuwa mgeni pale, amehamia mwezi huo huo, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kuchukua cheti. Siwema Karama, Historia."

Bi Chausiku alipekua, akakipata, akakitazama kwa furaha. "Tisini na nne. Hongera zake jamani. Yuko wapi mwenyewe?"

"Ni mimi, mama."

Bi Chausiku aliangalia daftari lake. Akaona wino mwekundu na muhuri. Akamtazama binti aliyesimama mbele yake, akaliangalia tena daftari, na uso wake ukajaa huruma.

"Mwanangu, huyu hayupo. Imeandikwa kabisa. Kama ni wewe, sina ruhusa ya kukupa. Nikimpa cheti mtu asiyekuwapo, mimi nitasema nini?" Akashusha sauti. "Wenzake nao hivyo hivyo. Vyeti vimekaa hapa tangu asubuhi, hakuna mtu aliyekuja hata kuvitazama. Inaniuma, nakwambia kweli. Watoto wamesoma, wamefaulu, hawana hata wa kuwachukulia."

Siwema alishika ukingo wa dirisha. Alikuwa amefaulu, na cheti kilikuwa umbali wa mkono mmoja.

"Mtu mwingine anaruhusiwa kumchukulia?" aliuliza.

"Anaruhusiwa. Awe tu anamfahamu vizuri, aandike jina la mama mzazi wa mwenye cheti na kutia sahihi. Wewe unamfahamu?"

Mwaka mzima alikuwa amengojea mtu aulizwe swali hilo, ajibu.

"Namfahamu."

"Vizuri?"

"Vizuri sana, mama."

Bi Chausiku alisukuma daftari na kalamu, akaonyesha kwa kidole. "Andika hapa. Na hapa jaza uhusiano wako naye."

Siwema aliandika jina la mama yake. Alipofika kwenye uhusiano, kalamu ilisimama kidogo, kisha akaandika: rafiki. Bi Chausiku alisoma, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akampa cheti kwa mikono miwili.

"Ana bahati huyo," alisema. "Ni marafiki wa siku nyingi?"

"Wa mwaka huu tu," alisema Siwema. "Kabla ya hapo alikuwa na wengine."